Barua kwa Mwanangu: Mikono Iliyomo Ndani ya Picha

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, na nimeisoma mara tatu kabla ya kushika kalamu. Huku nyumbani sote hatujambo, na baba yako anakusalimu sana. Unanieleza kwamba ulikwenda Amsterdam na wenzako wa chuo, mkaingia jumba la makumbusho la Rijksmuseum, nawe ukasimama mbele ya picha ya Rembrandt, yule mchoraji wa Kiholanzi wa karne ya 17, iitwayo Bibi Harusi wa Kiyahudi mpaka wenzako wakakuacha ukumbini peke yako. Kisha usiku uleule ukasoma habari za Geertje Dircx, mwanamke ambaye Rembrandt alishiriki kumpeleka kifungoni, na machozi yaliyokulengalenga mchana ukayaona kuwa machozi ya mtu aliyehadaiwa. Umeniuliza: mtu wa namna hiyo anawezaje kuchora mkono wenye upole ule, na wewe uitazame vipi kazi yake tangu sasa?

Nimefundisha sanaa shuleni kwa zaidi ya miaka 30, na swali hili nimeulizwa kwa njia nyingi, ila si kwa uchungu kama ulivyoniuliza wewe. Kwa hiyo niruhusu nianzie mbali kidogo, maana nadhani sehemu ya uchungu huo inatokana na kuisoma habari yenyewe nusunusu.

Rembrandt alizaliwa Leiden mwaka 1606, mtoto wa msaga nafaka. Alipofika Amsterdam alipata wateja upesi, akamwoa Saskia van Uylenburgh mwaka 1634, na mwaka 1639 akanunua nyumba kubwa kwa gilda 13,000, fedha ya Uholanzi ya wakati ule, deni ambalo halikuisha kamwe. Watoto wao watatu wa kwanza walikufa wakiwa wachanga. Wa nne, Titus, alizaliwa mwaka 1641 akaishi. Lakini mwaka uliofuata, uleule alioikamilisha picha yake kubwa ya askari walinzi wa mji, Saskia akafariki, na Rembrandt akabaki na mtoto ambaye hajatimiza hata mwaka mmoja. Geertje aliingia katika nyumba hiyo kama yaya. Alikuwa mjane wa mpiga tarumbeta wa melini. Alimlea Titus, akawa pia mwenzi wa Rembrandt, akapewa vito vilivyokuwa vya Saskia, na mwaka 1648 akaandika wosia wa kumwachia Titus sehemu kubwa ya mali yake. Hapo, mwanangu, ninakuomba usimame kidogo. Mwanamke ambaye hakumzaa mtoto yule alimwandikia urithi.

Mwaka uliofuata mambo yaliharibika. Msichana mwingine, Hendrickje Stoffels, alikuwa amekwisha kuingia nyumbani, na Geertje akatoka. Alimshtaki Rembrandt kwamba alimwahidi ndoa na kumpa pete, na baraza la mambo ya ndoa likaamuru alipwe gilda 200 kila mwaka maisha yake yote. Alipoviweka rehani vile vito, Rembrandt alishirikiana na kaka wa mwanamke huyo kukusanya ushahidi wa majirani dhidi yake, na mwaka 1650 Geertje akafungiwa katika mji wa Gouda, katika nyumba ya kuwaadabisha wanawake ambamo walisokoteshwa nyuzi. Alikaa humo miaka mitano. Marafiki zake wanawake kutoka Edam ndio waliohangaika hadi akatolewa mwaka 1655, huku Rembrandt akijaribu kuwazuia. Sitatafuta udhuru kwa jambo hilo. Wapo wanaosema zama zile zilikuwa hivyo, lakini wale wanawake wa Edam waliishi katika zama zilezile, na waliona wazi kwamba mwenzao amedhulumiwa.

Sasa nikusimulie jambo la hapa kwetu, ambalo huenda hukuwahi kulijua ingawa umekua ukilitazama kila siku.

Kile kinyago cha mpingo kilichopo sebuleni, chenye watu waliobebana tangu chini hadi juu, nilikinunua kwa fundi mmoja wa Kimakonde aliyekuwa jirani yetu kabla hujazaliwa. Unakifahamu vizuri: mzee juu kabisa, chini yake vijana, akina mama wenye watoto migongoni, kila mguu umekanyaga bega la mtu na kila mkono umeshika mkono wa mtu, na chini kabisa mwanamke aliyepiga magoti, ambaye uzito wote umemwangukia. Fundi yule alikuwa na mkono wa ajabu. Alikuwa akilizungukazunguka gogo siku nzima bila kuligusa, kisha anashika tezo na kuanza, na vipande vyeupe vya ganda la nje vinaruka mpaka moyo mweusi wa mpingo unajitokeza. Lakini kwake nyumbani alikuwa mkali kupita kiasi. Kelele za usiku tulizisikia sote, na asubuhi mkewe alitoka na kanga imefunika nusu ya uso. Mimi, mwalimu mzima, nilimpa chumvi aliyokuja kuomba wala sikumuuliza kitu. Hilo linaniuma hadi leo, na nakuandikia kwa sababu sitaki udhani kwamba wenye hatia katika habari za namna hii ni wasanii peke yao.

Siku niliyokwenda kukichukua kinyago nilimkuta fundi hayupo. Mkewe alikuwa amekaa juu ya mkeka, kinyago amekilaza mapajani, anakipiga msasa. Alianza na msasa wa kukwaruza, akaja kwenye laini, akapitisha vidole katika kila pengo kati ya mkono na bega, mahali ambapo patasi ya mumewe ilikuwa imeacha makovu. Baadaye akachovya kitambaa katika dawa ya viatu na kusugua mpaka mti ukang'aa kama maji ya kisima. Kazi hiyo, aliniambia, huifanya kila mara, yeye na watoto wake wakubwa. Wageni walionunua vinyago vya nyumba ile walisifu mng'aro kuliko kitu kingine chochote, na fedha zote zilipokewa na mikono ya mwanamume.

Tangu siku hiyo nimelitilia shaka lile neno letu la kila siku, "maisha ya msanii". Tunalitamka kana kwamba kazi ina mtu mmoja ndani yake, na kwamba shughuli yetu ni kumpima mtu huyo: akiwa mwema tuiheshimu kazi, akiwa mbaya tuikatae. Michoro ya mapangoni kule Kondoa imetazamwa kwa vizazi vingi bila mtu kujua hata jina moja la mchoraji, na haijawahi kupungukiwa kitu. Lakini pale tunapolijua jina moja, basi tuyatafute na mengine, maana hayakosekani.

Rudi kwa Rembrandt. Mwaka 1654 Hendrickje aliitwa mbele ya baraza la kanisa kwa kosa la kuishi naye bila ndoa, akazuiwa Meza ya Bwana. Rembrandt mwenyewe hakupewa adhabu hiyo. Mwaka 1656 alifilisika, vitu vyake vikaorodheshwa chumba kwa chumba ili viuzwe, na miongoni mwa wadai lilikuwamo jina la Geertje. Mwaka 1660 Hendrickje na Titus wakaunda ushirika wa biashara ya picha ambao ulimiliki kila alichokichora Rembrandt, naye akapewa chakula na malazi, ili wadai wasiweze kumnyang'anya kazi zake. Kwa hiyo picha za miaka yake ya mwisho, ikiwemo ile iliyokusimamisha Amsterdam, zilichorwa na mzee aliyelindwa na ushirika ulioundwa na kijana wake pamoja na mwanamke ambaye kanisa lilimwaibisha kwa ajili yake. Hendrickje alifariki mwaka 1663. Titus alifariki mwaka 1668, na baba yake akamfuata mwaka 1669, akazikwa katika kanisa la Westerkerk, Amsterdam, katika kaburi lisilo na alama.

Na Titus huyo alilelewa na nani? Geertje alipotoka katika nyumba ile, mtoto alikuwa na miaka saba. Mtoto wa miaka saba anaukumbuka mkono uliomvisha shati. Sidai kwamba Geertje ndiye mwanamke wa ile picha. Hilo lingekuwa uzushi, na wenye elimu wengi wanaona kwamba waliochorwa pale ni Isaka na Rebeka wa kwenye Biblia. Ninachosema ni kwamba mlezi aliyedhulumiwa ana sehemu yake katika kijana aliyemsitiri babake uzeeni, na bila kijana huyo sioni jinsi mzee aliyefilisika angepata utulivu wa kuchora kitu kama kile. Wewe ulidhani kumjua Geertje kumekutoa nje ya picha. Mimi naona kumekuingiza ndani zaidi.

Lipo kosa la upande wa pili pia, nalo nililiona kwa macho yangu. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru mwaka 1932, alianza kuchora hapa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, juu ya vipande vya hadibodi, kwa rangi za mafuta kama zile za kupakia baiskeli, na picha zake zikauzwa nje ya Morogoro Stores, Oyster Bay. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakidhani ni mhalifu anayetoroka, akafa akiwa na miaka 40. Nilipowapeleka wanafunzi wangu kuwaona wachoraji waliourithi mtindo wake, mtu mmoja aliwapokea kwa habari ya risasi kabla hawajatazama hata ubao mmoja, na kuanzia hapo kila nyati wakamwona anakimbia kifo. Nikawaambia wasogee karibu kabisa, wasinene, wahesabu madoa. Mmoja akagundua kwamba uwanja wa nyuma ulipakwa kwanza kwa rangi moja ukaachwa ukauka, ndipo mnyama akawekwa juu yake. Mwingine akaona kwamba jicho la yule chui lilikuwa kubwa kuliko pua kwa sababu mchoraji alitaka chui atutazame sisi. Hayo hayakuwa na risasi ndani yake. Yalikuwa na furaha ya mtu aliyejua anachokifanya, na ingekuwa dhuluma nyingine kumnyang'anya marehemu furaha hiyo ili tubaki na kifo chake tu.

Kwa hiyo ukiniuliza ufanye nini, nakujibu: rudi. Treni si ghali sana, na kama nauli inapungua niambie. Usianze na nyuso. Simama upande wa kushoto wa picha, utazame mkono wa nguo ya mwanamume, ile njano ya dhahabu, kwa ubavu badala ya moja kwa moja, na utaona rangi imewekwa nene kama matope yaliyokaukia ukutani, vilima na mabonde, mpaka mwanga wa ukumbini wenyewe unanasa juu yake. Mchoraji mwingine wa Kiholanzi, Vincent van Gogh, aliketi mbele ya picha hiyo mwaka 1885, akamwambia rafiki yake kwamba angetoa miaka kumi ya maisha yake ili akae pale wiki mbili, akiwa na kipande cha mkate mkavu tu. Ukimaliza na nguo, ndipo uje kwenye mikono: mkono wa mwanamume ulio kifuani pa mwanamke, na vidole vya mwanamke vinavyougusa kwa juu, vyepesi, kana kwamba bado anaamua. Uwe na Geertje kichwani mwako wakati huo, na Hendrickje, na usimfukuze hata mmoja wao ili upate kufurahi. Ukishindwa kulia safari hii, si neno.

Nimalizie na habari za huku. Fundi yule alikwisha kufariki zamani, lakini mkewe yu hai, na mwezi uliopita alipita kutusalimu akiwa safarini kurudi Mtwara. Alipokiona kinyago sebuleni alikitwaa bila kuniomba, akakilaza mapajani vilevile kama siku ile, akapitisha kidole gumba mgongoni pa yule mwanamke wa chini, polepole, mpaka kikakwama mahali. "Hapa msasa haukuingia vizuri," akaniambia. "Mtoto alikuwa analia."

Nami nikaweka kidole changu palepale, na kweli, pana mkwaruzo.

Mama yako akupendaye.