Mwangaza wa kiini cha galaksi: unametameta au unajaa na kupwa?

Swali limetoka Malindi, kwa mwalimu anayeandaa maelezo ya klabu ya sayansi ya shule yao: "Mwalimu, shikamoo. Niliandika 'mwanga wa viini vya galaksi unametameta', mwenzangu akafuta akaweka 'unajaa na kupwa'. Nani yuko sawa?"

Marahaba. Kusema kweli mmekaribia wote, ila hamjafika.

Tuanze na kumetameta. Nyota zinametameta, sawa, lakini kinachochezacheza pale ni hewa hii yetu, nyota yenyewe imetulia zake huko iliko. Kiini cha galaksi, lile kundi kubwa mno la nyota, ni habari nyingine kabisa, mle katikati mna shimo jeusi (mvutano wake ni mkali hata mwanga hautoki) lenye uzito wa mamilioni hata mabilioni ya jua letu, gesi inalizunguka kwa kasi mpaka inapata moto inawaka, sasa gesi ikizidi au ikipungua, au ule mkondo unaochomoka na kuelekea kwetu ukibadilika, basi mwangaza nao unabadilika kwelikweli, hukohuko kwenye chanzo, mara kwa saa chache mara kwa miaka. Ukiandika unametameta unampeleka msomaji kwenye hewa. Wataalamu wenyewe walishawahi kuchanganya na nyota bana: BL Lacertae iliingizwa na mwanaastronomia Cuno Hoffmeister mwaka 1929 kwenye hesabu ya nyota zinazobadilika, ikadhaniwa ni ya humuhumu kwenye galaksi yetu, kumbe ni kiini cha galaksi ya mbali huko.

Kujaa na kupwa naipenda, siwezi kudanganya, na huku Lamu hakuna asiyeielewa. Shida ni kwamba maji yana miadi. Bamvua unaijua siku yake kwa kutazama mwezi tu, hivi viini havina kalenda hiyo. Chukua kiini kiitwacho 3C 273: baada ya mwanaastronomia Maarten Schmidt kugundua mwaka 1963 kwamba iko mbali mno, watu walifukua picha za kale za anga za chuo cha Harvard, za tangu karne ya 19, wakakuta mwangaza wake umekuwa ukipanda na kushuka bila mpango wa kueleweka. Labda OJ 287, kiini kingine, ndo inakaribia, hiyo inawaka sana kila baada ya miaka kama 12, ukiniambia imejaa sikugombi.

Mimi ningeandika "hubadilikabadilika". Kitenzi kikirudiwa hivyo kinabeba ile maana ya jambo linalojirudia ovyoovyo, kama kutembeatembea au kusemasema, na hapa ndo hasa tunachotaka. Ukitaka kuonyesha mwelekeo sema "hung'aa zaidi kisha hufifia". Kikiwaka ghafla sema kimewaka ghafla, usiseme kimelipuka, manake hamna kilichopasuka, kiini kipo palepale.

Halafu hiyo mwanga, hukuiuliza lakini nimeiona. Mwanga ndio unaosafiri kuja kwetu, mwangaza ni ule ukali wake, kwa hiyo kinachobadilikabadilika andika mwangaza. Watu wanazichanganya kila siku na dunia haijaanguka, ila kwenye sayansi tofauti inasaidia, tazama sentensi hii: mwangaza ukibadilika sana ndani ya siku moja, basi sehemu inayowaka haiwezi kuwa pana kuliko mwendo wa mwanga wa siku moja, yaani kama kilomita bilioni 26. Weka mwanga kote uone utakavyojikanyaga. (Na upatanisho uuangalie, "mwanga umebadilika" ni nuru, "mwanga amebadilika" ni yule mchawi wa usiku, wanafunzi watacheka mpaka kengele ilie.)

Galaksi hii, galaksi hizi. "Magalaksi" hapana.

Na madhali uko Malindi, usiiache setilaiti ya Uhuru, ya kwanza kurushwa kwa kazi ya kupima eksirei za angani tu, iliruka kwenye jukwaa la San Marco pale baharini Ngomeni tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya Jamhuri, ndo ikapewa jina hilo, na baadaye ikanasa eksirei za kiini cha galaksi ya NGC 4151. Ukiitaja jina tupu andika "Uhuru ilirushwa", kwa sababu unayoisema ni setilaiti. "Uhuru ulirushwa" mtu atauliza umerushwa wapi na nani kaurusha.