Spinori: treisi za gama, Weyl au mabano ya helisiti?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nipo Tengeru, Arusha, nasoma uzamili wa fizikia. Nimekokotoa elektroni na positroni zikigeuka jozi ya miuoni kwa matriki za gama, jibu likatoka. Sasa msimamizi anataka niongeze fotoni moja inayotoka, halafu nirudie ile hesabu ya kwanza kwa tau badala ya miuoni, nishati jumla ikiwa GeV 10. Daftari limejaa treisi (jumla za ulalo wa mizidisho ya matriki hizo). Mwenzangu mmoja anasema nihamie spinori za Weyl (zenye vijenzi viwili badala ya vinne), mwingine anasema mabano ya helisiti, yaani ⟨ ⟩ na [ ], ambapo kila chembe inatajwa kwa helisiti yake: spini inafuata mwendo au inaupinga. Nishike lipi?

JIBU: Marahaba. Hapo una hesabu mbili, na hazitaki chombo kimoja. Ya fotoni ifanye kwa mabano. Ya tau baki na gama zako. Weyl muache kwanza.

Kabla ya yote pima tungamo. Kinachoamua ni 4m²/s: m ni tungamo ya chembe inayotoka, s ni mraba wa nishati jumla. Miuoni ina GeV 0.1057, kwa hiyo kwenye GeV 10 unapata kama 0.00045: itupe, isipokuwa fotoni inapotoka karibu sambamba na chembe yenye chaji, maana hapo tungamo ndogo nayo ina kazi. Tau ina GeV 1.777, nawe unapata 0.126. Hiyo haitupiki. Badala ya e⁴(1 + cos²θ) uliyoizoea (e ni chaji, θ ni pembe kati ya chembe inayoingia na inayotoka), wastani wa mraba wa amplitudo unakuwa e⁴[(1 + 4m²/s) + (1 − 4m²/s)cos²θ]. Kwenye nyuzi 90 umepanda kwa asilimia 12.6. Nyongeza hiyo inatokana na tau mbili zenye helisiti sawa, hali ambayo bila tungamo haipo kabisa. Treisi huijumlisha yenyewe bila wewe kuitaja, na zote ni za gama nne au pungufu. Kuna mabano ya chembe zenye tungamo pia, ila kwa kazi fupi hivi ni kubeba shoka kwenda kukata mchicha.

Fotoni ndiyo inayojaza daftari. Treisi ya gama 4 ina vipande 3, ya gama 6 vipande 15, ya gama 8 vipande 105. Fotoni ikitoka kwenye mstari wa elektroni, mraba wa mchoro huo wa Feynman una treisi ya gama 8: nne za viungo, mbili za momenta za nje, mbili za propageta (chembe ya kati ya mchoro). Michoro iko 4, hivyo una mizidisho 10 tofauti ya kufungua.

Kwa mabano unakokotoa amplitudo yenyewe, namba moja changamano, ndipo unaipiga mraba. Helisiti zisizo sifuri ni 8, na nusu yake unazipata kwa kubadilishana ⟨ ⟩ na [ ], kwa hiyo kazi halisi ni 4. Jumlisha michoro yote ya helisiti moja kwanza, kisha mraba; helisiti tofauti zijumlishwe baada ya mraba. Wengi hugeuza mpangilio huo wakapoteza mwingiliano wa michoro (interference).

Jizoeze kwa hesabu uliyonayo tayari. Bila fotoni, kati ya helisiti 16 zinabaki 4: mbili zinatoa e⁴(1 + cosθ)², mbili e⁴(1 − cosθ)². Weka nyuzi 60: 2.25 mara mbili, 0.25 mara mbili, jumla 5, gawa kwa 4, unapata 1.25. Fomula yako ya treisi inatoa hiyo hiyo 1.25. Usiende kwenye fotoni kabla hujafika hapo.

Makosa mengi yako kwenye alama. Baadhi ya waandishi huweka ⟨ij⟩[ji] = s, wengine ⟨ij⟩[ij] = s. Ukichanganya, mraba wa mchoro mmoja mmoja utaonekana mzima, ila mwingiliano utageuka alama. Tena, ukihesabu chembe zote kama zinatoka nje, helisiti ya zile zinazoingia inageuka.

Fotoni inahitaji momenta ya rejea q, yoyote isiyo na tungamo na isiyo sambamba na k ya fotoni. Ukiichagua sawa na momenta ya chembe mojawapo ya nje, kuna michoro itakayojifuta yenyewe. Raha ya mabano iko hapo. Lakini q iwe moja kwa michoro yote 4 ya helisiti hiyo. Rudia kwa q nyingine: jumla ikibadilika, kuna mchoro umebaki na q ya zamani.

Treisi za tau usizifungue kwa mkono. Programu ya FORM ni ya bure na kompyuta ya kawaida inaiendesha. Amri ni trace4. Ukifika kwenye vitanzi (michoro yenye mizunguko iliyofungwa) tumia tracen, ya vipimo n, na γ5 (inayotokana na zao la gama zote nne) iangalie kwa makini, kwa sababu nje ya vipimo vinne haiwezi kubadilishana alama na gama zote na wakati huo huo ikakupa treisi sahihi.

Weyl utamhitaji siku utakayoshika neutrino za Majorana (zilizo antichembe zao wenyewe) au ulinganifu-mkuu (supersymmetry).