Jenereta ikifa mashuani, usikimbilie kununua ya ukubwa uleule

Ilikuwa mwezi wa Julai, kusi imekaza, na mawingu yamelala juu ya Kilifi siku ya tano mfululizo. Sola hazikuwa zikitia kitu cha maana. Betri zilikuwa zimeshuka, samaki kwenye friji wameanza kulainika, na jenereta ikakataa kuwaka. Nikabonyeza stata. Mashine ikazunguka bila kushika. Nikabonyeza tena na tena, pengine mara kumi na tano, huku mume wangu akitoa hewa kwenye bomba la dizeli. Mwishowe ikagonga kwa ndani, mlio mmoja mzito, kisha stata haikuweza kuizungusha tena.

Fundi alifika kesho yake kutoka Mtwapa. Kabla hajafungua hata mfuko wake wa spana alichomoa kijiti cha oili, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena na kunionyesha. Oili ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

"Mama, mashine imekunywa maji," akasema.

Naanza na hili kwa sababu linaua jenereta nyingi za baharini, na kulizuia hakugharimu senti. Pampu ya maji ya bahari inaendeshwa na injini yenyewe. Kila ukibonyeza stata, pampu nayo inavuta maji na kuyapeleka kwenye ekzosi. Injini ikiwaka, moshi unayasukuma yale maji mpaka nje. Isipowaka, hakuna wa kuyasukuma: yanajaa kwenye sailensa, yanapanda, yanarudi kupitia vali na kuingia ndani ya silinda. Pistoni haiwezi kubana maji kama inavyobana hewa, kwa hiyo kinachopinda ni konrodi, ile fimbo inayoishika pistoni. Ndivyo ilivyotokea kwangu. Injini yako ikisumbua kuwaka, funga kwanza koki ya maji ya bahari. Piga stata kwa sekunde chache, ipumzishe, kisha upige tena. Ikishika tu, fungua koki papo hapo. Kama umeshapiga stata mara nyingi koki ikiwa wazi, mwaga maji yaliyo kwenye sailensa kabla ya kuendelea. Mimi sasa nimefunga kitambaa chekundu kwenye stata, na hakitoki mpaka mkono wangu umeigusa koki.

Jenereta ile ilikuja na mashua tulipoinunua. Ilikuwa ya kilowati 7, silinda tatu, mizunguko 1,500 kwa dakika, mashine ya kutulia kabisa. Nilikuwa nimeshaamua moyoni kwamba nitatafuta nyingine kama hiyo. Lakini fundi alipofungua kichwa cha injini tuliona jambo jingine. Vali zilikuwa zimevaa masizi manene, kuta za silinda zinang'aa kama kioo, na kiwiko cha ekzosi kimezibwa na kaboni na chumvi mpaka tundu lililobaki lilikuwa dogo kuliko kidole changu gumba. Maji yalimaliza tu kazi iliyoanza miaka mingi nyuma.

Sababu ni kwamba ilikuwa kubwa mno kwa kazi tuliyoipa. Tulikuwa tunaiwasha kila jioni kuchaji betri za asidi. Betri hizo zikiwa tupu hupokea umeme vizuri, lakini zikishajaa kama robo tatu zinaanza kuukataa. Saa ya kwanza chaja ilikuwa inatoa ampea 60, saa ya tatu imeshuka hadi 15. Ampea 15 za volti 14 ni wati 210 hivi. Mashine ya wati 7,000 inanguruma saa nzima kubeba mzigo wa taa za ukumbini! Injini ya dizeli isiyopewa kazi haipati joto la kutosha, dizeli haiungui yote, na mabaki yake yanaganda ndani. Dizeli inataka kubebeshwa, nusu ya nguvu zake au zaidi, ndipo iishi muda mrefu.

Kwa hiyo nakusihi, kabla ya kuulizia bei popote, kaa na daftari wiki nzima uandike umeme unaoutumia kweli. Hesabu zetu tukiwa tumetia nanga zilikuwa hivi: friji ya volti 12 inavuta ampea nne na nusu ikiwa inafanya kazi, na kwa joto la pwani inafanya kazi kama nusu ya siku, kwa hiyo ni wati-saa 650 hivi. Feni mbili za usiku, 350. Kompyuta, simu na redio ya VHF, 300. Taa na pampu ya maji matamu, 250. Jumla haifiki hata uniti mbili za umeme kwa siku. Kitu kizito kilikuwa kimoja tu, mashine ya kuchuja chumvi, yenye mota ya kilowati 1.1, nayo tunaihitaji mara mbili kwa wiki.

Baada ya kuziona hesabu hizo nilielewa kwamba mashua yetu haihitaji jenereta ya kilowati 7. Tuliongeza sola hadi wati 800. Huku karibu na ikweta, hata ukitoa kivuli cha mlingoti na kamba zake, siku ya jua zinatuletea uniti tatu, wakati mwingine zaidi. Betri za asidi tukazibadilisha na za lithiamu za aina ya chuma na fosfeti, ambazo zinapokea umeme kwa nguvu ileile karibu mpaka zinapojaa. Jenereta ikabaki na kazi mbili: siku za mawingu ya kusi, na siku za kutengeneza maji. Tukachagua ya kilowati 4.

Kuna walioniuliza kwa nini nisinunue tu kile kijenereta cha petroli cha kubebwa mkononi, kwani bei yake ni ndogo sana. Sitaki petroli ndani ya chombo ninacholala na mtoto. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unashuka mpaka kwenye ngama, chini kabisa ya chombo, na kukaa hapo ukisubiri cheche. Na moshi wake ukiingizwa ndani na upepo usiku, hautakuamsha. Hata kwa dizeli nimefunga king'ora cha kaboni monoksidi karibu na kitanda, na nitakuomba ufanye vivyo hivyo.

Katika kuchagua, nilitazama mambo ambayo muuzaji hayatangulizi. Kwanza nilitaka kujua injini ya ndani ni ya nani. Jenereta nyingi za baharini ni injini ya kampuni nyingine iliyovikwa sanduku, na ukipata yenye injini ya Kubota au Yanmar, filta na nozeli hutazisubiri miezi kutoka Ulaya. Pili, niliomba nionyeshwe jinsi ya kutoa impela ya pampu. Impela ni kile kigurudumu cha mpira chenye mabawa kinachovuta maji, nacho kinakufa mara kwa mara. Kwenye mojawapo ya jenereta nilizoziona, pampu ilikuwa nyuma, na ili kuifikia ungelazimika kung'oa upande mzima wa sanduku. Niliiacha hapohapo, ingawa ndiyo iliyokuwa na bei nzuri. Utakapokuwa Mkondo wa Pemba usiku, mawimbi yanakutupa huku na huku, utataka pampu iwe mbele ya macho yako.

Mzunguko wa umeme nao uutazame. Mashua zilizotoka Marekani mara nyingi zina vifaa vya volti 120 na hezi 60, ilhali huku kwetu ni volti 240 na hezi 50. Chaja nyingi za kisasa zinakubali vyote viwili, lakini mota ya hezi 60 ukiilisha hezi 50 itazunguka polepole na kupata moto. Soma kibao cha kila kifaa, kimoja kimoja.

Sasa habari ya kuitoa ya zamani na kuingiza mpya, maana hapa ndipo migongo inapovunjika. Ile ya zamani ilikuwa na kilo 230. Tulitengeneza sanduku la maboksi lenye vipimo kamili vya jenereta mpya, tukalipitisha mlangoni, likashuka ngazi, likapita jikoni hadi kwenye chumba cha injini. Lilikwama pembeni mwa ngazi kwa sentimita mbili, tukajua ngazi lazima ing'olewe. Kujua hilo kwa boksi ni bora kuliko kujua huku chuma cha kilo 110 kinaning'inia.

Siku ya kunyanyua tulichagua maji mafu, siku ambazo bahari inajaa na kupwa kidogo tu, kwa sababu kwenye hori letu maji ya bamvua yanapokupwa yanakwenda kasi na mashua haitulii. Chenibloku, ile kapi ya mnyororo ya kunyanyulia, tuliifunga kwenye boriti ya tanga kuu, na boriti yenyewe tukaishikilia kwa henza, kamba ya kupandishia tanga, si kwa kamba yake nyembamba ya kawaida. Fundi aliitenganisha jenereta, upande wa umeme mbali na injini mbali, tukavitoa kimoja kimoja kwa saa nne. Hakuna aliyeweka mkono chini ya mzigo. Fundi alikuwa mkali sana juu ya hilo, na alikuwa na haki.

Kitako kipya tulikitengeneza kwa mbambakofi, tukakipaka epoksi mara tatu ili oili na maji ya chumvi visiingie kwenye mbao. Kisha ikaja ekzosi, na hapa usikubali kuharakishwa na mtu. Jenereta yetu imekaa chini ya mstari wa maji, kwa hiyo bomba la maji ya bahari lazima lipande juu ya mstari huo, liwe na vali ya kuingiza hewa kileleni, ndipo lishuke kwenye kiwiko. Bila hiyo vali, mashine ikizimwa maji yanaendelea kujivuta yenyewe mpaka yajaze injini, nawe umelala. Upime urefu huo ukikumbuka kwamba mashua ikiwa safarini inalala ubavu. Vali yenyewe huziba kwa chumvi. Mimi naifungua kila baada ya miezi mitatu na kuiosha kwa maji matamu.

Upande wa umeme tulimwachia fundi mwenye leseni. Nilichosisitiza ni swichi ya kuchagua, ili umeme wa nchi kavu na wa jenereta visiweze kukutana hata kwa bahati mbaya, pamoja na kifaa cha kukata umeme ukivuja.

Tunavyoitumia sasa ni hivi. Nikiwasha naiacha ipate joto dakika tano, naanza na mota ya maji peke yake kwa sababu inapoanza inavuta mara kadhaa ya umeme wake wa kawaida, ikishatulia ndipo nawasha chaja mbili. Jumla inafika kilowati 3, robo tatu ya uwezo wa mashine. Kwa saa mbili tuna maji na betri zimepanda. Oili ya kwanza niliimwaga saa 50 zilipotimia, kama kitabu kinavyoagiza.

Wiki iliyopita nilifungua pampu kukagua impela. Bawa moja lilikuwa limekatika. Kubadilisha impela ni kazi ya dakika kumi, lakini bawa lililokatika halipotei, linakwenda na maji na kuziba njia mbele. Nikafungua bomba linaloingia kwenye kipoza joto, nikamulika kwa tochi, nikaliona limekaa mdomoni kabisa, kipande cheusi kama ukucha. Nikalitoa kwa koleo, nikalipanga na impela ya zamani juu ya kitambaa kuhakikisha kwamba kipande ni kizima, ndipo nikafunga.