Fundi wa Droni Anajibu: Betri imevimba, nayo iko chini ya kitanda

SWALI: Shikamoo fundi. Nina droni ya kupigia picha za anga na betri nne za lipo (lithiamu polima), kila moja ya seli nne, yaani vibetri vinne vilivyounganishwa. Kazi zimepungua, kwa hiyo kwa miezi kadhaa vyote vimekaa kwenye begi chini ya kitanda, betri zikiwa zimejaa chaji ili nikiitwa ghafla nisihangaike. Juzi nimefungua nikakuta moja imevimba, lakini bado inashika chaji vizuri. Mke wangu anataka begi lote litoke chumbani. Mimi naona anaogopa bure. Naweza kuendelea kuitumia hadi ninunue nyingine? Na vifaa hivi vikae wapi nyumbani?

JIBU: Marahaba. Mkeo ana haki, na nakuomba umsikilize sasa hivi kabla hujaendelea kusoma. Ichukue ile betri iliyovimba taratibu, usiibonyeze, uitoe nje ya nyumba. Iweke juu ya saruji au udongo mtupu, kivulini, pasipofika mvua wala watoto, mbali na chochote kinachoshika moto. Usiichaji tena, usiirushe hata mara moja, na tafadhali usiitoboe eti gesi ipungue.

Kilichoivimbisha ni gesi. Ndani ya seli kuna majimaji yanayoshika moto, na yakianza kuharibika hutoa gesi ambayo haina pa kutokea kwa sababu seli imefungwa kwenye mfuko laini. Kati ya upande chanya na upande hasi wa seli kuna utando mwembamba sana. Utando ukitoboka, seli hupata shoti, joto hupanda, na joto lenyewe huzidi kuchochea joto jingine mpaka seli ilipuke moto. Moshi wake una sumu kali ya kuumiza mapafu. Sasa fikiria hayo yakitokea usiku chini ya godoro mlilolalia. Kwamba bado inashika chaji hakukuambii lolote kuhusu hali ya ule utando.

Betri zako zimeumizwa na kukaa zimejaa. Seli ya lipo ya kawaida ikijaa hufika volti 4.2, na hapo ndipo inapochakaa haraka ikiachwa, hasa kwenye joto. Ya kuhifadhi inatakiwa iwe kama volti 3.8 hadi 3.85, yaani takribani nusu ya chaji. Kwa betri yako ya seli nne, mita isome kati ya volti 15.2 na 15.4, siyo 16.8. Usivuke upande wa pili pia: seli ikishuka chini ya volti 3 huharibika. Chaja nyingi za lipo zina mpangilio wa kuhifadhi ambao hupandisha au kushusha chaji mpaka kiwango hicho, kisha husimama. Utumie kila unapojua hutarusha kwa siku mbili tatu zijazo. Najua hofu yako ya kuitwa ghafla, lakini kuchaji kabla ya kazi huchukua muda mfupi, na betri hizi si za bei ya mchezo.

Wenye droni za kukunja zenye betri erevu, yaani zenye saketi ya kujisimamia ndani yake, nanyi sikilizeni. Betri hizo nyingi hujipunguza chaji zenyewe baada ya siku kadhaa, ndiyo maana unaweza kuikuta ya vuguvugu mezani wakati hujaigusa. Hiyo si hitilafu. Ila zikiachwa mno huisha kabisa, kwa hiyo zitazame angalau kila miezi mitatu.

Kuhusu mahali: siyo chumba cha kulala, siyo kwenye korido au karibu na mlango mtakaoukimbilia moto ukizuka, na kamwe siyo ndani ya gari lililofungwa juani. Tafuta pakavu na pa baridi kiasi, sakafu ya saruji au vigae, pasipo pazia wala rafu ya nguo juu yake. Kila betri ikae kwenye mfuko wake usioshika moto, maana moja ikiwaka huchemsha ya jirani. Mfuko huo hupunguza miali, moshi hauzuii. Ukitumia sanduku la chuma, toa mpira wa kuzibia mfuniko, kwani gesi ikikosa njia sanduku lenyewe linaweza kupasuka. Funika plagi kwa kifuniko chake. Funguo moja tu ikigusa ncha zote mbili, umepata shoti.

Chaji ukiwa macho na chumba kimoja na betri, na baada ya kurusha iache ipoe kwanza. Ikiwaka ndani, usiibebe. Toa watu, funga mlango, ita zimamoto. Kizimamoto cha unga huangusha miali, lakini seli yenye joto huwaka tena. Kinachoipoza ni maji mengi.

Ile iliyovimba bandika plagi yake kwa utepe wa umeme, kisha uipeleke kwa wanaopokea taka za kielektroniki. Ukiitupa jalalani, itakuja kupondwa na mtu asiyejua ameshika nini.

SWALI: Fundi, droni yangu huikalisha kwenye begi la mgongoni pamoja na laptopu. Sasa kamera hainyooki ninapoiwasha, na propela moja imepinda. Nifanye nini?

JIBU: Laptopu ndiyo imeikandamiza. Kamera inaning'inia kwenye mota ndogo mno, haistahimili uzito, na ndiyo maana droni huuzwa na kifuniko cha kuibana. Kirudishe kila unapoizima, na uitafutie kasha lenye sifongo ambalo halibebi kitu kingine. Iweke mezani pasawa uisawazishe upya kamera kupitia programu yake; ikigoma, mota au kebo yake imeumia, ipeleke kwa fundi. Propela usiinyooshe. Badilisha mapanga yote mawili ya mota inayozungusha propela hiyo kwa pamoja ili uzito ulingane, la sivyo mtetemo utaharibu hata picha. Ndani ya kasha weka vifuko vya kunyonya unyevu, na usiliweke karibu na spika kubwa, kwa sababu sumaku yake huvuruga dira ya droni.