Maswali ya Wasomaji: Jennie Lee, mbunge aliyechaguliwa kabla ya kupata haki ya kupiga kura

Nimesikia kwamba Jennie Lee wa Scotland aliingia Bungeni akiwa haruhusiwi kupiga kura. Iliwezekanaje? (Msomaji, Tanga)

Kugombea na kupiga kura vilitawaliwa na sheria mbili tofauti. Mwaka 1918 wanawake wa Uingereza walipewa kura kuanzia umri wa miaka 30, tena kwa masharti ya mali, lakini sheria nyingine ya mwaka huohuo iliwaruhusu kugombea ubunge wakiwa na miaka 21. Mwaka 1928 umri wa kupiga kura ulishushwa hadi 21, ila daftari jipya la wapiga kura lilianza kutumika Mei 1929. Uchaguzi mdogo wa North Lanarkshire ulifanyika Machi 1929. Lee, mwalimu wa miaka 24, binti wa mchimba makaa ya mawe wa Lochgelly, akagombea kwa tiketi ya chama cha Labour, akalinyakua jimbo kutoka kwa chama cha Conservative.

Kwa desturi, hotuba ya kwanza ya mbunge huwa ya upole. Katika yake, Lee aliishambulia bajeti ya Winston Churchill, aliyekuwa Waziri wa Fedha, na Churchill mwenyewe akamfuata kumpongeza.

Mbona alipoteza jimbo mapema hivyo? (Msomaji, Nakuru)

Serikali ya Labour ilivunjika Agosti 1931, na katika uchaguzi uliofuata chama kikaporomoka kutoka viti 287 hadi 52, naye akapoteza chake. Mwaka 1932 kundi lake, ILP (Independent Labour Party, chama kidogo cha mrengo wa kushoto kilichokuwa ndani ya Labour), likajitoa Labour kwa kukataa nidhamu ya kura za chama. Yeye akabaki ILP, na hilo lilimgharimu: bila Labour nyuma yake hakurudi Bungeni. Baadaye alirejea Labour, akashinda jimbo la Cannock mwaka 1945.

Nasoma Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Je, ni kweli mfumo huu ulianza kwake? (Msomaji, Morogoro)

Chuo chenu kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, na kile cha Uingereza, Open University, ndicho kielelezo kilichotangulia. Wazo la chuo cha hewani, yaani cha kufundisha kwa redio na televisheni, lilitangazwa na Harold Wilson, kiongozi wa Labour, huko Glasgow mwaka 1963, lakini aliyelisimamisha ni Lee.

Lee alipokabidhiwa kazi hiyo mwaka 1965 katika serikali ya Wilson, hatari ilikuwa kupewa chuo cha daraja la pili, chenye vyeti ambavyo mwajiri angevidharau. Alishika mwenyewe uenyekiti wa kamati ya ushauri, akatoa waraka wa serikali Februari 1966, kisha kamati ya mipango ya mwaka 1967 ikawekwa chini ya Peter Venables, mkuu wa chuo kikuu. Hapo ndipo alipokuwa hodari hasa: wanazuoni waliokuwa na shaka walijikuta ndani ya kazi. Hati ya kifalme ya mwaka 1969 ikakipa chuo mamlaka ya kutoa shahada zake chenyewe.

Kujiunga hakukuhitaji cheti chochote. Kozi sita nzima zilitosha kwa shahada ya kawaida, nane kwa ile ya ngazi ya juu zaidi (honours). Wengi hudhani televisheni ndiyo iliyofundisha, lakini uzito ulikuwa kwenye vitabu vilivyotumwa kwa posta, kazi za kusahihishwa, wakufunzi wa maeneo na masomo ya ana kwa ana wakati wa kiangazi.

Juni 1970 Lee alishindwa Cannock na Conservative wakachukua serikali. Iain Macleod, Waziri wa Fedha mpya aliyekuwa amelibeza wazo hilo, alifariki Julai, na Margaret Thatcher, Waziri wa Elimu, akakiacha chuo kiendelee. Januari 1971 wanafunzi wa kwanza, wapatao 24,000, walianza masomo.