Motowei Zisizo na Bega: Kwa Ndugu Mnaoanza Kuendesha Uingereza

Wadogo zangu mliofika karibuni, hasa mnaosambaza vifurushi na mnaozunguka usiku kuhudumia wazee majumbani kwao, naomba mnisikilize. Leseni ya Tanzania au ya Kenya inakuruhusu kuendesha gari hapa kwa miezi 12 tangu uhamie, baada ya hapo unatakiwa ufanye mtihani wao. Ndani ya miezi hiyo hakuna anayekuuliza kama umewahi kuingia motowei, yaani barabara kuu zao za mwendo kasi kama M1. Leo unakabidhiwa funguo, kesho uko M1 katikati ya malori. Na kwa kuwa hata kwetu tunaendesha kushoto, unajiona uko nyumbani.

Hauko nyumbani. Kwetu gari likisumbua unalisogeza pembeni. Hata kama bega la barabara ni vumbi tupu na bodaboda wanapita humo humo, pembeni ipo. Unatandaza matawi nyuma ya gari, unaweka pembetatu, unafungua boneti, unampigia fundi. Motowei ya hapa haitaki hata kimoja kati ya hivyo. Mwongozo wao wa barabara unakataza kuweka pembetatu motowei, kwa sababu kutembea kwa miguu kwenda kuiweka ni kujipeleka kwenye magari. Boneti usiiguse. Na sehemu nyingi, hiyo pembeni yenyewe haipo.

Ilianza kama dawa ya foleni. Mwaka 2006, kwenye M42 karibu na Birmingham, walijaribu kufungua bega la barabara litumike kama njia ya kawaida nyakati za msongamano. Kuanzia 2014 wakaenda mbali zaidi: kwenye vipande vya M25, na baadaye M1 na nyinginezo, bega likageuzwa njia ya kudumu, saa 24. Badala yake wakaweka vituo vya dharura, yaani sehemu za pembeni za kuingiza gari lililoharibika. Kwenye barabara za mwanzo kituo kimoja hadi kingine kiliruhusiwa kufika kilometa 2.5. Watu walilalamika sana, na walikuwa na haki. Aprili 2023 serikali ikatangaza kwamba hakuna mpya zitakazojengwa, na kwenye zilizopo vikaongezwa vituo zaidi ya 150. Lakini barabara zenyewe hazikurudishiwa bega. Ndizo utakazopita usiku wa leo.

Kwa hiyo somo kubwa ni hili: uamuzi wa kutoka barabarani unaufanya gari likiwa bado linatembea. Likishasimama, umechelewa.

Niliwahi kuendesha vani usiku, mvua inanyesha, taa nyekundu ya betri ikawaka kwenye dashibodi. Hakuna kilichobadilika kwanza. Baada ya muda taa za mbele zikaanza kufifia, redio ikakata, usukani ukawa mzito. Dreva mwingine angesema nijikaze nifike depo. Mimi nilikuwa nimeshaingia njia ya kushoto tangu taa ile ilipowaka, nimepunguza mwendo, natafuta kibao cha bluu chenye simu ya rangi ya chungwa na herufi SOS. Kituo chenyewe huwezi kukikosa: lami yake imepakwa rangi ya chungwa, na ni kirefu kiasi cha kukupa nafasi ya kufunga breki ndani yake. Nilipoingia, injini ilizima kabla sijagusa funguo.

Taa ya betri, mshale wa joto unaopanda, harufu ya mpira kuungua, usukani unaovuta upande mmoja, geji ya mafuta iliyolala: chochote kati ya hivyo kikitokea, hamia kushoto na utoke kwenye njia ya kutokea inayofuata, au kwenye kituo cha mapumziko, au kwenye kituo cha dharura, kipi kitangulie. Usipige hesabu za kuchelewesha mzigo. Lori la mwendo wa kilometa 90 kwa saa linakula mita 25 kila sekunde. Dreva wake akiinamia simu kwa sekunde nne, mita 100 zimekwisha na wewe ndiye uliyesimama mbele yake.

Kugongana kidogo nako kuna mtego wake. Juni 2019, kwenye M1 karibu na Sheffield, magari mawili yaligusana. Jason Mercer na Alexandru Murgeanu wakasimama kubadilishana taarifa, kama sheria inavyowataka madereva wafanye. Lakini kipande kile hakikuwa na bega, walikuwa kwenye njia ya kwanza, na lori likawagonga wote wawili wakafa. Dreva wa lori alifungwa. Mkoroneri, yaani ofisa anayechunguza vifo, katika uchunguzi wake wa Januari 2021, alisema kukosekana kwa bega kulichangia vifo vile, na kwamba barabara za namna hii zinaendelea kuhatarisha maisha ya watu. Mjane wa Mercer, Claire, amepigania kwa miaka bega lirudishwe. Nawaambia haya kwa uchungu kwa sababu wale wawili walifanya kile ambacho mtu mwaminifu angefanya. Ukiguswa au ukigusa mtu na gari bado linatembea, washa hazadi, mwashirie mwenzio, mtoke kwanza. Bampa iliyochunika inaweza kusubiri.

Ikitokea gari limekataa kabisa, livute kushoto kadiri litakavyokwenda, washa hazadi. Kama uko njia ya kushoto na ni salama kutoka, tokeni wote kwa milango ya kushoto. Dreva unakaa upande wa kulia ule ule uliouzoea, kwa hiyo itabidi uruke kiti cha abiria; fanya hivyo, mlango wako usiufungue. Vukeni kingo za chuma, kisha msogee kule magari yanakotokea. Wengi hukosea hapo, wanakwenda kusimama mbele ya gari lao, na gari likigongwa linasukumwa mbele hadi kwao. Kama umekwama njia ya kati, au huwezi kutoka, kaeni ndani na mikanda, piga 999, namba ya dharura ya hapa, papo hapo. Usione aibu kupiga 999 kwa gari bovu. Hapo ni dharura ya kweli.

Alama ya X nyekundu juu ya njia maana yake njia hiyo imefungwa. Inawezekana kuna mtu kama wewe amekwama mbele. Hata ukiona njia ni nyeupe, hama. Tangu 2019 kamera zinapiga picha: pauni 100 na pointi tatu za adhabu kwenye leseni.

Kuhusu matairi, msikubali maneno ya bosi. Kina cha meno ya tairi kisipungue milimita 1.6, na faini inaweza kufika pauni 2,500 na pointi tatu kwa kila tairi bovu. Anayesimamishwa na polisi ni wewe uliyeshika usukani, hata kama gari ni la kampuni. Kagua kabla hujatoka, piga picha, mtumie meneja ujumbe wa maandishi ili ubaki na ushahidi.

Ukiwa kituo cha dharura tumia simu iliyopo pale, maana inawaonyesha ulipo bila wewe kueleza. Ukitumia simu yako, namba ya National Highways, wasimamizi wa motowei, ni 0300 123 5000, ihifadhi leo. Na kama Kiingereza kinakukimbia kwa hofu, angalia vibao vidogo vya bluu vilivyo pembeni kila mita 500: jina la barabara, herufi A au B, kisha namba. Msomee anayepokea simu hivyo hivyo kama vilivyoandikwa. Gari likipona usichomoke ghafla, kwa sababu unaingia moja kwa moja kwenye njia yenye magari ya kasi. Inua tena ile simu ya kituoni, waambie unataka kuondoka. Watawasha X juu ya njia ya kwanza, nawe usubiri mpaka wakuambie uende.