Kabla ya kuandika chmod 777, uliza prosesi inaendeshwa na nani

Hapa Arua, Uganda, kazi ninazoletewa hufanana sana. Tovuti ya shule au ya SACCO iko kwenye seva ndogo ya kukodi yenye Ubuntu, picha zinakataa kupakiwa, au ukurasa unajibu 403, yaani hairuhusiwi kuuona. Mara nyingi fundi aliyetangulia ameshaandika chmod -R 777, picha zikakubali, akalipwa akaondoka. Wenzangu tunaofanya kazi hii, nawasihi tuiache amri hiyo. Inampa kila mtu aliye ndani ya seva ruhusa ya kusoma, kuandika na kuendesha faili zote za tovuti, na tatizo lenyewe hujui hata lilikuwa wapi.

Kwenye Linux kila prosesi, yaani programu inayofanya kazi, ina akaunti inayoiendesha. Kerneli, kiini cha Linux, inapoamua faili lifunguliwe au lisifunguliwe, inaangalia akaunti hiyo. Kwamba wewe uliyeingia kwenye seva kwa SSH, kutoka mbali, unalisoma faili vizuri hakuthibitishi chochote kuhusu tovuti.

Andika ps aux | grep nginx, uone prosesi za Nginx, programu inayowapa wageni kurasa za tovuti. Utaona mstari mmoja wa root, akaunti yenye mamlaka yote, na mingine ya www-data, akaunti ya kawaida ya seva ya wavuti. Ule wa root ni prosesi mama. Inahitaji uwezo huo kwa sababu Linux, isipobadilishwa, hairuhusu akaunti ya kawaida kushika poti iliyo chini ya 1024, nasi tunataka 80 na 443. Mama ndiye anayesoma mipangilio na ufunguo wa siri wa TLS (usimbaji wa https), kisha anazaa prosesi nyingine, yaani watoto, wanaozungumza na wageni, na hao hawana tena uwezo wa root. Kwa hiyo ufunguo ubaki mali ya root na ruhusa 600, mwenyewe tu asome na kuandika. Hakuna haja ya kumpa www-data. Kwenye Linux za jamii ya Red Hat akaunti ya Apache, seva nyingine ya wavuti, inaitwa apache, kwa hiyo usinakili amri za Ubuntu bila kuangalia.

Nginx haiendeshi PHP, lugha ambayo tovuti hizi zimeandikwa. Inampa kazi PHP-FPM, programu inayoendesha PHP, ambaye ana mama yake na watoto wake. Picha ya mwanafunzi inapopakiwa, anayeiandika kwenye diski ni mtoto wa FPM, na jina la akaunti yake liko kwenye mistari ya user na group ya faili zilizo ndani ya pool.d, folda ya mipangilio ya FPM. Nimeona watu wakihangaika na nginx.conf mchana kutwa ilhali jibu liko huku.

Na ile 403? Tangu Ubuntu 21.04, folda mpya ya nyumbani ya mtumiaji hupewa 750 badala ya 755, yaani akaunti nyingine haziingii tena. Ukiweka tovuti ndani ya /home, www-data anazuiwa mlangoni hata kama faili lenyewe liko wazi. Andika namei -l pamoja na njia nzima ya faili, uone ruhusa za kila hatua. Kisha jaribu kulisoma kwa sudo -u www-data cat. Likisomeka, tatizo liko kwingine.

Jambo linaloniumiza zaidi ni tovuti nyingi kuishi chini ya www-data mmoja. Programu-jalizi ya zamani kwenye tovuti ya shule ikidukuliwa, mdukuzi anapata kila alicho nacho www-data, pamoja na wp-config.php, faili la mipangilio ya WordPress, la SACCO jirani lenye nenosiri la hifadhidata. Humo mna majina, namba za simu na mikopo ya watu wanaouza mihogo sokoni na ambao hawakuulizwa kuhusu seva. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde, na mwenye SACCO anatutegemea sisi.

Ndiyo maana kila tovuti naipa akaunti yake na kundi lake la prosesi za PHP. Nafungua akaunti ya mfumo, tuseme sacco, naandika faili jipya ndani ya pool.d lenye user = sacco na soketi ya peke yake, yaani mlango ambao Nginx hupitishia maombi, na listen.owner inabaki www-data ili Nginx iweze kuifikia. Kumbukumbu ikiwa ndogo naweka pm = ondemand, watoto wazaliwe pale tu maombi yanapokuja.

Msimbo unamilikiwa na akaunti ya tatu, ile ninayopakilia. Sacco anausoma tu, kwa ruhusa 640 kwenye faili na 750 kwenye folda, na kuandika anaandika kwenye folda ya picha peke yake. Humo namkataza Nginx kupitisha faili lolote la PHP. Hasara ipo: WordPress haitajisasisha yenyewe kutoka kwenye dashibodi, itabidi uingie kwenye seva ukaisasishe kwa WP-CLI, zana ya amri za WordPress. Naikubali hasara hiyo bila kusita.

Nginx nayo inahitaji kusoma picha na CSS, kwa hiyo www-data namwingiza kwenye kikundi cha watumiaji cha sacco, kisha naiwasha Nginx upya ili watoto wapya wakipate. Hapa uwe macho sana. Kundi la kwanza la prosesi za PHP, lile la faili www.conf linalokuja na FPM, likiendelea kufanya kazi kwa jina la www-data, litarithi kikundi hicho na kusoma kila tovuti. Ukishaweka makundi mapya, liondoe faili hilo kwenye pool.d na uwashe FPM upya.

Mwisho andika ps -eo user:20,cmd | grep php-fpm. Hiyo 20 inazuia majina marefu ya akaunti yasikatwe. Kila mtoto aliyezaliwa wakati huo ataonekana na jina la kundi lake, akaunti yake ikiwa kushoto. Ukikuta www-data popote kwenye orodha hiyo, rudi pool.d.